Gitaa la kuchongesha au la kiwandani? Inategemea lako linakukwamisha wapi

Mkuu, umesema fundi amekutajia bei karibu mara tatu ya gitaa la umeme la dukani, na unauliza kama linastahili. Mimi napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Nina la kiwandani na nina la kuchongesha, na yote yanapanda jukwaani. Kwa uzoefu wangu linastahili kama tayari unaweza kunyooshea kidole mahali ambapo gitaa ulilonalo linakukwamisha. Ukienda kwa fundi kutafuta "sauti nzuri zaidi", hiyo hela itakuuma.

Maana sauti ndiyo inayonadiwa sana. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, inanasa mtikisiko wa nyuzi za chuma. Ipandishe au ishushe milimita mbili kwa bisibisi uone jinsi gitaa linavyogeuka. Kwa masikio yangu, pikapu na amplifaya vinabadilisha sauti kuliko mbao za mwili zitakavyowahi kubadilisha.

Na yule aliyekushauri uchongeshe mwili mzima wa mpingo kwa kuwa ni mti wetu, sijui kama amewahi kubeba gogo lake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini! Uweke kwenye ubao wa vidole, pale shingoni unapobonyezea nyuzi, hapo unapendeza na hauliki haraka. Ila kama fundi wako yuko nje, usimtumie kipande kienyeji. Mpingo ni Dalbergia, na jamii hiyo yote iliingizwa mwaka 2017 kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zililegezewa masharti, lakini mbao ghafi bado zinataka vibali.

Mimi nilichokilipia ni shingo, uzito na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole. Vidole vyangu ni vinene na pale kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, nyuzi zilikuwa zinabanana, nikaomba upana wa milimita 44 badala ya 42 au 43 za magitaa mengi. Urefu wa uzi, kutoka nati hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini, nilichagua inchi 24.75 kama wa magitaa aina ya Les Paul, si 25.5 wa Stratocaster, kwa sababu ukitumia nyuzi za unene uleule, urefu mfupi unalegeza kidogo mvutano na vidole havichoki mapema. Kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, solo inaishi huko juu, kuanzia freti ya 12 kwenda mbele, kwa hiyo fundi alipunguza ubao pale shingo inapoungana na mwili ili kiganja kipite bila kugonga. Freti ni za chuma kisichoshika kutu. Jasho na hewa ya chumvi ya huku zinakula kila kitu, na gitaa langu la kiwandani lilishaanza kuwa na mabonde kwenye freti za katikati. Uzito tulikubaliana usizidi kilo tatu na kidogo. Les Paul nyingi zina kilo nne au zaidi, na sisi tunapiga mpaka watu wachoke, si nyimbo tatu halafu makofi.

Hayo yote niliyajua kabla sijamtafuta fundi, kwa sababu nilikuwa nimelipiga lile la kiwandani mpaka nikalijua kila kona. Fundi hawezi kukuulizia mkono wako.

Kitu kingine: usidhani fundi anakata mbao kwa usahihi kuliko kiwanda. Viwanda vingi vinatumia mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kwenye magitaa ya bei nafuu wanakobania ni mwishoni, kusawazisha freti na kuchonga nati, kazi za mkono zinazokula muda. Kwa hiyo kabla hujatoa malipo ya awali kwa mtu, peleka gitaa ulilonalo kwa fundi mzuri. Asawazishe freti, aweke nati ya mfupa, anyooshe shingo, apange oktavu kwenye daraja ili noti za juu zisipishane na za chini. Jamaa kadhaa ninaowafahamu waliishia hapo na hela ya gitaa jipya ikaenda kwenye amplifaya.

Ukiamua kuagiza, vipimo viandikwe, kuanzia unene wa shingo kwenye freti ya 1 na ya 12. Uliza pia nani atabeba gharama shingo ikipinda ikifika kwenye unyevu wa pwani. Kama linatoka nje, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafirishaji na ushuru kwa pamoja, si juu ya bei ya gitaa peke yake. Na usihesabu kuliuza baadaye. Lenye jina la kiwanda kikubwa kichwani linapata mteja upesi, lako atalitaka mwenye mkono kama wako tu.

Hujasema unapiga solo, ridhimu au besi, wala gitaa ulilonalo linakusumbua nini. Taja hayo, na unene wa nyuzi unazotumia, tuone kama unahitaji gitaa jipya au fundi wa freti.