Muulize Daktari wa Meno: Uvimbe wa taya na mnyoo wa mbwa, wapi na wapi?

SWALI: Habari daktari, pole na kazi. Dada yangu mkubwa anaishi Lokichoggio, ana mifugo huko. Ana uvimbe kwa kona ya taya hapa chini ya sikio, ulianza kama njugu sahii umefika yai la kuku, ni mwaka wa tatu na hauumi kabisa ila kufungua mdomo ndo shida, hata ugali anamega vipande vidogo vidogo. Aling'olewa jino la mwisho wakidhani ndilo, lakini wapi. Juzi walitaka kuunyonya na sindano, daktari mwingine akasema msiguse mpaka apigwe picha, ati huenda ni kifuko cha mnyoo wa mbwa. Mimi nikacheka, mnyoo si hukaa tumboni? Ama anatuzungusha tu? Na mbwa wake wanne tuwaue? — *Ndugu mdogo, Kitale*

JIBU: Usicheke, na huyo daktari aliyesema msiguse ukikutana naye mpe mkono kwa niaba yangu. Mimi sijamwona dada kwa hivyo siwezi kukuambia ni nini hasa, lakini mtu wa Lokichoggio mwenye mbuzi na mbwa akija na uvimbe wa polepole usiouma, hicho kifuko lazima kifikiriwe. Turkana, hasa huo upande wa kaskazini magharibi, ni kati ya sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi kabisa duniani, hadi shirika la afya la Amref wakaanzisha mradi wa kupambana nao mwaka 1983, watu wakawa wanapimwa kwa ultrasaundi na mbwa wanapewa dawa.

Mnyoo wenyewe ni jamii ya tegu, lakini si ule mrefu kama utepe. Huu haufiki hata sentimita 1, unakaa kwa utumbo wa mbwa na mbwa hana habari, anabweka na kula kama kawaida. Mayai yanatoka na mavi, yanashika kwa manyoya, yanaingia kwa maji na mboga, mbwa anajilamba nyuma alafu huyo huyo anamlamba mtoto usoni. Mtu akimeza yai, kimnyoo kichanga kinatoboa utumbo kinaingia kwa damu. Ini ndo chujio la kwanza, ndiyo maana kwa wagonjwa kama 7 kati ya 10 kifuko kinakuwa kwa ini, chujio la pili ni mapafu. Wachache wanaopenya yote mawili wanaweza kutua popote, kwa ubongo, figo, mfupa, na mara chache sana kwa taya au ule msuli wa kutafunia. Nasema mara chache sana na namaanisha, daktari wa meno anaweza kustaafu bila kuona hata mmoja, kwa hivyo waliong'oa jino siwalaumu sana, ingawa jino zima halikuwa na kosa.

Sasa hapo kwa sindano ndo nataka unisikilize vizuri. Ndani ya kifuko kuna maji meupe safi kama ya dafu, na chini yake punje ndogo kama mchanga, na hizo punje ni vichwa vya minyoo ambayo haijakua. Ukidunga ovyo maji yakavuja, mambo mawili yanaweza kutokea. Moja, mwili unaweza kustuka vibaya, presha ikashuka, koo likafunga, mtu akafia palepale kwa kiti. Pili, kila punje iliyomwagika inaweza kuota kifuko kipya, yani unatoboa kimoja unapanda shamba zima. Kuna vifuko vya ini ambavyo madaktari hunyonya kwa sindano kwa makusudi, lakini ni baada ya picha, chini ya dawa, na dawa ya mshtuko iko tayari mkononi. Si kwa dispensari na sirinji ya kawaida.

Kwa hivyo aende hospitali ya rufaa aanze na ultrasaundi ya huo uvimbe, na wakiwa na mashine hapohapo waombeni wapitishe na tumboni, alafu eksirei ya kifua. Hiyo watu husahau, wanakaza macho kwa shavu kumbe kifuko kikubwa kiko kwa ini. Kikiwa kwa msuli kinaonekana mviringo mzuri kama mpira. Kikiwa ndani ya mfupa ni balaa nyingine, hakipati nafasi ya kujaa kama mpira kwa hivyo kinapenya kwa vitundu vya mfupa kidogo kidogo, meno yanalegea, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, na kwa eksirei kinafanana na uvimbe mwingine wa taya ambao tunauona kila siku. Hapo siti skani inasaidia. Kuna kipimo cha damu pia, lakini kikisema hakuna usishangilie, kwa vifuko vya nje ya ini kinakosea mara nyingi.

Matibabu kwa taya ni opereshini, kitolewe kizima bila kupasuka, na daktari wa upasuaji huzungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali ili kikivuja vichwa vife. Kabla na baada anameza albendazo, na si kidonge kimoja kama kile cha kugawa shuleni, ni mara mbili kwa siku kwa wiki nyingi au miezi, na chakula chenye mafuta ndo iingie vizuri mwilini. Asinunue mwenyewe kwa duka, lazima ini na damu vipimwe njiani, na kama ana mimba aseme mapema.

Mbwa msiwaue, jamani. Fisi wakija usiku nani atabweka, wewe ukiwa Kitale? Wapewe dawa ya prazikwanteli mara kwa mara, ile ya mara moja haitoshi manake mbwa akila kifuko kingine kwa maini ya mbuzi mgonjwa, baada ya wiki kama sita anaanza tena kumwaga mayai. Na dada haambukizi mtu, waleni naye sahani moja.

SWALI: Daktari mimi nachinja mbuzi hapa Narok. Maini yenye mapovu ya maji mkaguzi akikataa huwa tunawarushia mbwa. Kuna ubaya? Na aliyekula hiyo nyama atapata? — *Mchinjaji*

JIBU: Ubaya uko, tena wewe ndo unawalisha minyoo! Hayo mapovu ndiyo vifuko vyenyewe, mbwa akila ndo mnyoo unakua ndani yake alafu mayai yanarudi kwa mbuzi wako na kwa watoto wako. Chimba shimo refu mbwa wasifukue, au choma. Aliyekula nyama hapati kwa njia hiyo, binadamu anapata kwa kumeza mayai ya mnyoo yanayotoka na mavi ya mbwa, kwa hivyo mikono ioshwe na sabuni, pombe ya kupaka mikononi haiuwi haya mayai.

SWALI: Dokta mtoto wangu wa miaka 6 amevimba taya wiki tatu sasa, inaongezeka kila siku na meno ya nyuma yanacheza. Huku kwetu Busia watu wanasema ni mbwa wa jirani. — *Mama Junior*

JIBU: Mama, mwache mbwa wa jirani. Kifuko cha mnyoo hakikimbii hivyo, hicho hutembea miezi na miaka. Taya ya mtoto ikivimba kwa kasi na meno kulegea, katika ukanda wetu huu tunafikiria kwanza saratani ya Burkitt, ile daktari Denis Burkitt aliyoieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Usisubiri matubwitubwi yaishe wala usimpake majivu. Inakua haraka lakini pia inasikia dawa haraka, watoto wengi hupona wakiwahi. Mpeleke hospitali kubwa kesho asubuhi, hata hii barua usingoje nikujibu ya pili.

SWALI: Kwa nguruwe je? Nilisikia nao wana vifuko hadi kwa ulimi. — *Fundi, Kakamega*

JIBU: Ni kweli, ila huo ni tegu mwingine. Wanunuzi wa nguruwe huwa wanamlaza mnyama, wanavuta ulimi nje na kupapasa chini yake kutafuta vijipunje kama mchele. Ukila nyama hiyo haijaiva unapata mnyoo tumboni, na mayai ya huo mnyoo yakitoka chooni yakaingia mdomoni ndo mtu anaota vifuko, mara kwa ubongo akaanza kifafa, mara chache kwa shavu au ulimi. Pika mpaka katikati ibadilike rangi, na kama boma halina choo, fundi, hapo ndo kuna kazi yako.