Kabla mwanao hajaacha uhandisi

Pole na wasiwasi, dada. Umeniambia mwanao, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani chuoni Marekani, anashawishiwa aache uhandisi. Maabara za alasiri zinagongana na mazoezi, na mshauri wa timu anamsukuma kijana kwenye masomo mepesi. Nimewafundisha wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Hilo linatokea sana, na linaniuma.

Aonane na mshauri wa kitivo, asiyewajibika kwa idara ya michezo. Aulizie maabara za asubuhi, au za kiangazi. Asisubiri: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, katika Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu, inataka awe amemaliza asilimia 40 ya shahada aliyochagua mwisho wa mwaka wa pili, 60 wa tatu, 80 wa nne. Akihama sasa, kurudi uhandisi baadaye kunaweza kumtoa uwanjani.

Akipewa somo lisilo na vipindi wala mwalimu, akatae kabisa. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ripoti ya 2014 ilikuta wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitishwa kwenye masomo ya aina hiyo kwa miaka 18, karibu nusu wanamichezo.

Watu wa timu wakigusia ufadhili wake wa masomo, asitie saini chochote. Amwone mwakilishi wa wahadhiri katika michezo. Kila chuo cha NCAA kinaye. Ikibidi, mwanasheria.