Mashine ya Kufulia Ikigoma Kukamua, Anzia Chini

Arusha mwezi wa saba, mashine isiyokamua haina faida kuliko beseni. Nguo zinatoka zinachuruzika, mawingu ya Meru yamefunika tangu asubuhi, na sare ya shule inafika Jumatatu bado mbichi. Mashine yangu ni ya mlango wa mbele, niliinunua ikiwa tayari imechoka huko Ulaya, na karibu kila sababu ya kugoma kukamua imeshanionyesha. Mota ndiyo ya mwisho kushukiwa, ingawa mafundi wengi huitaja kabla hata hawajavua koti.

Anza na maji. Mashine hizi hazikamui mpaka pipa liishe maji, kwa hiyo ukikuta nguo zinaelea, tatizo liko kwenye kutoa maji. Angalia kama bomba la kutolea halijabanwa na ukuta kule nyuma. Kisha chomoa waya kwenye soketi, subiri maji yapoe kama ulifulia ya moto, na ufungue kidirisha kidogo cha chini mbele. Humo kuna chujio la pampu. Laza beseni bapa na matambara, legeza chujio kidogo kidogo, yakijaa funga, mwaga, endelea. Kwangu kumewahi kutoka sarafu ya shilingi mia mbili, waya wa sidiria na bonge la nyuzi za blanketi lililoshikana na mchanga mweusi wa huku kwetu. Ukishatoa chujio, mulika tochi ndani utaona kijipangaboi cha pampu. Kisukume kwa kidole: kikizunguka kwa kushtuka-shtuka ni kawaida, ni sumaku hiyo. Kikikwama kabisa, kuna kitu kimejisokota pale.

Maji yakitoka vizuri na bado haikamui, toa nguo zote uijaribu tupu, kwenye programu ya kukamua peke yake. Ikizunguka kwa nguvu, mashine ni nzima, mzigo ndio mbaya. Blanketi moja zito hulalia upande mmoja. Mashine inajaribu kulipanga, inashindwa, inakata tamaa na kukuachia likiwa limeloa. Liweke na mataulo mawili matatu, usilifue peke yake. Halafu kuna suala la sakafu. Wengi wetu tunaziweka bafuni au kibarazani, na sakafu hizo zimejengwa zikiinamia tundu la maji. Rekebisha miguu mpaka mashine isicheze hata ukiibonyeza kwenye kona, kisha kaza nati zake.

Ikiwa tupu nayo haikamui, ichomoe tena uzungushe pipa kwa mkono. Likienda jepesi mno, bila ukinzani wowote, huenda mkanda unaounganisha mota na pipa umetoka au umekatika. Fungua kifuniko cha nyuma. Unga mweusi wa mpira chini yake maana yake mkanda umelika na unateleza: unatosha kufua polepole, hauwezi kasi ya kukamua. Ukienda dukani nenda nao, au piga picha ya maandishi yake. Mkanda ulioandikwa 1195 H7, kwa mfano, una urefu wa milimita 1195, na 7 ni idadi ya matuta yake ya ndani. Usikubali "huu unafanana, mama, utavutika tu".

Mkanda ukiwa mzima, sasa ndiyo tumwite fundi, na hata hapo mwombe atoe brashi za kaboni kwanza, vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, kama mota ni ya aina hiyo. Zikibaki fupi chini ya sentimita moja hivi, mota hukosa nguvu au husimama kabisa, na watu huizika ikiwa hai. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Wenye mashine za mapipa mawili, yenu ni rahisi zaidi. Angalia soksi iliyodumbukia chini ya pipa la kukamulia, swichi ya kifuniko, na waya wa breki. Ikivuma bila kuzunguka, na pipa halijakwama, mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachotunza umeme wa kuiamsha mota. Hiyo mwachieni fundi. Inaweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umechomolewa.

Kuna mlio mmoja ambao sikushauri kuubembeleza: ule wa kama ndege inayoruka uwanja wa KIA, unaokua kadiri kasi inavyopanda. Shika mdomo wa pipa la ndani ulinyanyue juu na chini. Likicheza lenyewe bila lile la nje, beringi zimekwisha, na ukiendelea kukamua utaharibu na vilivyobaki. Kabla ya kukubali bei, muulize fundi kama pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limechomelewa. Langu lilikuwa la skrubu, nikabadilisha beringi pamoja na sili yake, ule mpira unaozuia maji. La kuchomelewa lazima likatwe kwa msumeno na kugandishwa upya. Kwa mashine kuukuu, mimi ningeiuza vipuri.