Ramani ya Kusogeza Pikseli: Maswali na Majibu ya Wasomaji

Maswali ya safari hii yanahusu ramani ya kusogeza, yaani picha ya kijivu ambayo programu huisoma ili kujua kila pikseli ya picha nyingine isogezwe upande gani na kwa kiasi gani.

Swali: Nimeweka nembo juu ya picha ya fulana, lakini inaonekana kama stika. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na picha ya fulana yenyewe, kwa kuwa mikunjo unayotaka nembo iifuate imo humo. Katika Photoshop, ficha leya (tabaka) ya nembo, tazama chaneli za picha, yaani sehemu zake za rangi: nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine, kisha inakili ile inayotenganisha vizuri zaidi mwanga na kivuli kwenye faili jipya la kijivu lenye ukubwa uleule wa picha. Ilainishe kwa Gaussian Blur (kichujio cha kutia ukungu) na kuihifadhi kama PSD, faili la Photoshop lenyewe, kwa sababu Photoshop haipokei ramani ya JPEG. Rudi kwenye leya ya nembo, fungua Filter, Distort, kisha Displace, andika namba za msogeo wa mlalo na wima, halafu uchague faili lile. Tafadhali usiruke hatua ya kulainisha: nyuzi za kitambaa na chembechembe za kamera nazo husomwa kama mikunjo, na kingo za nembo hutoka zimechanikachanika. Mwisho, weka leya ya nembo katika hali ya Multiply, inayochanganya leya kwa kutia giza, ili vivuli vya fulana viipitie.

Swali: Fulana yangu ni nyeusi. Nembo haikupinda tu, bali imehama yote kuelekea upande mmoja. Kwa nini?

Jibu: Kijivu cha 128, katika kipimo cha 0 hadi 255, ndicho kisichosogeza chochote. Thamani zilizo chini yake husukuma upande mmoja, na zilizo juu yake upande wa pili. Fulana nyeusi hutoa ramani iliyo chini ya 128 karibu yote, kwa hiyo nembo nzima inasukumwa pamoja. Ifungue ramani, tumia Levels (kirekebishi cha mwanga na giza), na usogeze kishale cha katikati mpaka sehemu tambarare ya kitambaa isomeke karibu na 128 kwenye paneli ya Info. Multiply nayo haikufai hapa, kwani nembo itapotea ndani ya weusi. Iache katika Normal, kisha weka juu yake nakala ya picha ya fulana katika hali ya Screen, inayong'arisha, iliyobanwa ndani ya umbo la nembo, ili mng'ao wa mikunjo uonekane; kwenye nembo nyeupe kabisa hautaonekana.

Swali: Kila mtu anasema niandike 10 na 10 kwenye Displace. Kwangu hakuna kinachobadilika.

Jibu: Namba hiyo ni asilimia. Ukiandika 100, msogeo mkubwa kabisa ni pikseli 128. Ukiandika 10, ni takriban pikseli 13, tena pale tu ramani ilipo nyeusi au nyeupe kabisa. Pikseli 13 zinaonekana waziwazi kwenye picha yenye upana wa 1,000, lakini kwenye picha ya 6,000 ni vigumu kuziona. Geuza kwanza leya iwe Smart Object, yaani leya inayohifadhi asili yake, ili uweze kurudi kubadilisha namba, na kama umbo limepindia upande usio wake, andika namba hasi.

Swali: Ninabuni kanga, na ninataka kumwonyesha mteja mchoro wangu ukiwa umevaliwa. Picha niliyo nayo ni ya mama aliyejitanda kanga yenye maua, na matokeo ni vurugu tupu.

Jibu: Programu haijui mkunjo ni nini, inajua mwanga na giza tu, na petali nyeusi kwake ni bonde. Ukilainisha mpaka maua yapotee, mikunjo midogo nayo itapotea. Kwa maoni yangu, njia ya uhakika ni kupiga picha upya kwa kitambaa kisicho na mapambo. Ikishindikana, chora ramani kwa mkono: jaza faili la RGB kijivu cha 128, kisha kwa brashi laini yenye nguvu ndogo paka weupe kwenye migongo ya mikunjo na weusi kwenye mabonde.

Jina la kanga, yaani maandishi yake, linahitaji uangalifu zaidi kuliko pindo na mji (sehemu ya katikati), kwa sababu jicho husamehe ua lililopinda lakini si herufi iliyovunjika. Ramani husogeza pikseli, haizifichi. Pale kitambaa kinapojikunja hadi sehemu yake kuingia ndani, herufi zilizopaswa kufichika zitavutwa na kurefuka. Kata mchoro kwenye mstari wa mkunjo, kila upande uwe kwenye leya yake, kisha ufiche kwa maski (kifuniko cha leya) kilichoingia ndani. Mzunguko wa mabega nao ufanye kwanza kwa Warp (zana ya kupinda leya kwa mkono), ndipo ramani ifuate.

Swali: Sina Photoshop. Je, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha?

Jibu: Inatosha. Nenda Filters, Map, Displace. Ramani inaweza kuwa leya ndani ya kazi ileile. Ifanye iwe na ukubwa sawa na leya unayoipinda, na ukumbuke kwamba namba za X na Y hapo ni pikseli, si asilimia.