Tuuze ng'ombe kwa ajili ya sindano mpya ya miasthenia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, tunaishi Kongwa. Ilianza kope moja kulegea jioni, tukadhani ni usingizi. Baadaye akawa anaona vitu viwili viwili, na kwaya ikiimba, wimbo wa kwanza sauti iko sawa, wa tatu inatokea puani. Tumezunguka sana, wapo waliosema amelogwa. Sasa hospitali Dodoma mjini wamesema ni miasthenia gravisi, wamempa pairidostigmini na prednisoloni. Ana nafuu, ila si kamili, na huu ni mwezi wa pili. Binamu yetu aliyeko Marekani ametutumia habari za sindano mpya za ugonjwa huu na baba yuko tayari kuuza ng'ombe. Je, auze? Tumesikia pia kuna upasuaji wa kifua. Kifua kinahusianaje na kope? Na mama anauliza kama binti ataweza kuzaa.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwambie baba ng'ombe wabaki zizini kwanza. Sindano hizo ni za kweli na nitazieleza, lakini mdogo wako bado hajafika zilipo. Kuna tiba za bei nafuu ambazo hajamaliza kuzitumia, na kuna kipimo kimoja cha lazima ambacho hukukitaja kabisa. Tena iko hatari iliyo karibu na nyumbani kwenu kuliko Marekani: dawa za kawaida anazoweza kuandikiwa kesho kwenye zahanati yoyote.

Msuli hukaza pale mshipa wa fahamu unapomwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ikatua kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli. Kwa mgonjwa huyu, kinga ya mwili imetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi hivyo. Mjumbe anafika kikaoni na kukuta viti vingine vimekaliwa, vingine vimevunjwa. Asubuhi baada ya kulala viti vilivyobaki vinatosha. Msuli ukitumika mfululizo, kiasi cha asetilikolini kinachomwagwa kila mara hupungua, na hapo ndipo unapoishiwa nguvu. Ndiyo sababu ya ule wimbo wa tatu. Umeeleza dalili vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazozisoma.

Kliniki tunaweza kuuona ugonjwa huu bila mashine. Namwomba mgonjwa atazame juu, kwenye kidole changu, bila kupepesa kwa dakika moja. Kope inaanza kushuka kidogo kidogo hadi inafunika mboni. Kisha naweka vipande vya barafu ndani ya glavu, naifunga, naibandika juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili hivi. Akifumbua, kope imepanda. Inakaa juu kwa muda mfupi tu halafu inarudi chini, lakini ndugu waliomsindikiza wameshaona kwa macho yao. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo kemikali ile inadumu zaidi.

Na hao waliosema amelogwa, wapeni habari ya sungura. Mwaka 1973 watafiti Jim Patrick na Jon Lindstrom huko Marekani walichukua vipokezi vya asetilikolini kutoka kwa mkunga wa umeme, wakawadunga sungura. Kinga ya sungura ikatengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi hivyo, na sungura wakalegea misuli. Walipopewa dawa ya jamii ileile ya pairidostigmini anayomeza mdogo wako, wakapata nguvu. Tangu hapo chanzo hakina ubishi mkubwa.

Dawa yenyewe ina historia ya Kiafrika. Mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, alimdunga mgonjwa fisostigmini na kope zikafunguka. Fisostigmini ilitokana na haragwe la Calabar, Nigeria ya leo, ambalo zamani watuhumiwa wa uchawi walilazimishwa kulila ili ijulikane kama wana hatia. Pairidostigmini ni ndugu wa karibu wa dawa ile. Inakizuia kimeng'enya kile, basi, na kingamwili haizigusi hata kidogo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea matumizi. Kidonge huanza kufanya kazi baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na nguvu yake huisha ndani ya saa chache. Mgonjwa anayekimeza baada ya chakula anakuwa ameshahangaika kutafuna bila msaada wowote. Mdogo wako akimeze nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na mlo mzito, hasa ugali wa uwele, uwe wa mchana badala ya usiku. Akipata mikakamao ya tumbo, kuhara au mate mengi, daktari aambiwe apange dozi upya. Asijiongezee vidonge akidhani nafuu itakuja haraka, kwa maana dozi ikizidi sana nayo hulegeza misuli.

Prednisoloni ndiyo inayoishughulikia kinga yenyewe, na haina haraka. Wiki mbili za mwanzo inaweza hata kumzidisha mgonjwa udhaifu, kwa hiyo madaktari wengi huanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu. Nafuu huhesabiwa kwa wiki na miezi. Mara nyingi tunaongeza azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ili baadaye steroidi (yaani hiyo prednisoloni) ipunguzwe, na hiyo huchukua miezi sita hadi mwaka au zaidi kuonyesha kazi yake. Mwezi wa pili, ndugu yangu, ni mapema mno kusema dawa zimeshindwa. Muulizeni daktari wake kama alipimwa kifua kikuu, sukari na presha kabla ya kuanza, na asiiache prednisoloni ghafla hata siku akijisikia mzima.

Sasa kifua. Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi inaitwa thaimasi, ambako chembe za kinga hufundwa tangu utotoni. Kwa wanawake vijana wenye ugonjwa huu mara nyingi tezi hiyo imevimba na inachochea utengenezaji wa kingamwili. Kwa wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 ina uvimbe wa kukua, ambao lazima utolewe. Kila anayegundulika na miasthenia anahitaji kipimo cha CT cha kifua, yaani picha ya ndani ya kifua kwa mashine, na katika maelezo yako sikukiona. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wana CT. Anzeni hapo. Kama mna fungu la pesa, hili ndilo la kwanza kuligharamia.

Hata tezi isipokuwa na uvimbe huo wa kukua, kuitoa kunasaidia. Alfred Blalock alifanya upasuaji huo Marekani mwaka 1936, lakini kwa miaka 80 madaktari walibishana bila jaribio la kulinganisha. Jibu lilikuja 2016. Wagonjwa 126 wenye kingamwili za vipokezi, umri wa miaka 18 hadi 65, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine upasuaji pamoja na prednisoni, ambayo ni steroidi ya aina moja na hiyo ya mdogo wako, wengine prednisoni peke yake. Wakafuatiliwa miaka mitatu. Waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji steroidi kidogo, wastani wa miligramu 44 kila baada ya siku moja dhidi ya 60. Waliolazwa kwa kuzidiwa walikuwa asilimia 9 upande wa upasuaji na asilimia 37 upande wa pili. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa binti wa miaka 26 ninaipa uzito kuliko habari zote za sindano. Msitarajie kope kupanda wiki inayofuata, maana faida yake huja kwa miezi na hata miaka. Apasuliwe akiwa ametulia, na timu ya usingizi na ya chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) wawe na taarifa mapema. Rufaa ikibidi iwe ya Dar es Salaam, kwa treni ya SGR si safari ya kumchosha.

Kabla ya kisu lakini ijulikane aina ya kingamwili. Wengi wana zile za vipokezi, wachache wana za protini nyingine iitwayo MuSK, iliyotambulika 2001. Wa MuSK hawaonyeshi faida ya wazi ya kutolewa tezi, pairidostigmini mara nyingi inawasumbua, na dawa nyingine ya kinga iitwayo rituksimabu huwafaa zaidi. Kama kipimo hicho hakipatikani mlipo, kubalianeni na maabara damu isafirishwe. Chupa ya damu husafiri kwa gharama ndogo kuliko mtu.

Sindano za binamu, nadhani, ni jamii mbili. Ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu 2017, huzuia silaha ya kinga inayovunja vipokezi, na anayeitumia lazima achanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo kwa sababu hatari ya maambukizi hayo hupanda sana. Efgatigimodi, iliyoidhinishwa Desemba 2021, huufanya mwili uzitupe kingamwili haraka. Kwenye utafiti wake, kati ya wenye kingamwili za vipokezi, asilimia 68 ya waliopewa dawa walipata nafuu ya maana katika mzunguko wa kwanza wa sindano, na asilimia 30 ya waliopewa maji matupu nao walipata. Ni dawa nzuri. Ila washiriki waliendelea na dawa zao za zamani, na sindano hurudiwa mzunguko kwa mzunguko kwa kuwa chanzo hakijaondoka. Bei ya Marekani ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Zizi litaisha kabla ya mzunguko wa pili, na ugonjwa utabaki. Ningependa kuziona dawa hizi hapa Dodoma kwa bei ya kibinadamu, na wagonjwa wetu wana haki ya kuzidai. Leo hii si njia ya familia yenu.

Ile hatari ya karibu sasa. Gentamisini, siprofloksasini, azithromaisini, kwinini, klorokwini na propranololi zinaweza kuulegeza zaidi mwili wa mgonjwa huyu, nyingine kiasi cha kuzuia pumzi. Akiugua malaria, atunesati ya sindano haimo kwenye orodha hiyo, kwinini imo. Andikeni kwenye jalada la daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa: ANA MIASTHENIA GRAVISI, na majina ya dawa hizo chini yake. Maambukizi yenyewe, hata mafua makali, pia humzidishia, kwa hiyo homa isivumiliwe nyumbani.

Akishindwa kumeza mate, kikohozi kikikosa nguvu, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msingoje asubuhi. Mwambieni avute pumzi moja na ahesabu kwa sauti: asipofika 20, ondokeni. Msitulizwe na kile kifaa cha kubana kidoleni. Oksijeni inaweza kusoma 97 wakati misuli ya kupumua imekaribia kuchoka kabisa, kwani namba ile hushuka mwishoni. Anahitaji hospitali yenye mashine ya kupumulia, hivyo mkiwa Kongwa gari la wagonjwa lije moja kwa moja hadi Dodoma mjini.

Mama apewe jibu jema: binti anaweza kuolewa na kuzaa, na ugonjwa huu hauambukizi. Aje kliniki kabla ya kushika mimba ili dawa zipangwe, kwa sababu mikofenoleti na methotreksati, ambazo wengine hupewa, humdhuru mtoto tumboni. Wakunga wajue kwamba magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ni ya hatari kwake na daktari aamue mapema kitakachotumika badala yake. Watoto 10 hadi 20 katika kila 100 wa mama wenye ugonjwa huu huzaliwa wamelegea, wakinyonya kwa shida, kwa kuwa kingamwili za mama zimevuka kondo. Hali hiyo huisha ndani ya wiki chache, lakini wiki hizo mtoto anahitaji kuangaliwa, kwa hiyo ajifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga.