Wadogo zangu wa darubini, msiisingizie anga

Kila kiangazi tukipata wenzetu wapya, nayaona yale yale. Darubini inatoka kwenye boksi, inavishwa lenzi ya kuchungulia ya milimita 6, inaongezewa Barlow (lenzi ya kuzidisha ukuzaji), halafu mtu anatangaza kwamba sayari ya Mshtarii "imejaa pamba". Ukimuuliza, analaumu anga. Jamani! Huku karibu na ikweta sayari zinapita karibu na utosi, mahali ambapo mwanga wake una hewa kidogo ya kupenya kuliko kwingine kokote. Anga imetupendelea mno kubebeshwa lawama hizo. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Anzeni na lenzi ya milimita 25. Urefu wa fokasi wa darubini zenu, milimita 900, ukiugawa kwa 6 unapata ukuzaji wa mara 150; kwa 25, mara 36. Ukiweka na Barlow ya mara mbili unafika 300, na kioo cha milimita 114 hakibebi zaidi ya 230 hivi hata anga ikiwa safi. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa darubini ya mara 20 tu, tena yenye lenzi hafifu kuliko zenu. Ninyi wenye mara 36 mnakosa nini?

2. Kipenyo cha kioo kikiongezeka maradufu, mwanga unaongezeka mara nne. Hilo mnalijua, na limemfanya mmoja wenu atake kuuza darubini yake ya inchi 6 anunue ya inchi 12, ilhali anaishi ghorofa ya tatu na ngazi ni nyembamba. Mdogo wangu, subiri kwanza. Mwanaastronomia William Herschel alisubu vioo vya shaba na bati hadi akapata cha kipenyo cha sentimita 120 mwaka 1789, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa darubini yake ndogo, yenye urefu wa futi 20, kwa sababu ile kubwa ilikuwa nzito kuiendesha. Darubini unayoweza kuishusha kila usiku ndiyo itakayokufundisha.

3. Nyota ikivimba, kagueni vioo kabla ya kulaumu kitu kingine. Hapa nina uchungu, kwa sababu waliobobea kuliko sisi sote waliwahi kuupuuza ushahidi wa namna hii. Hubble, darubini ya angani, ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4, na kufikia Juni ilikuwa wazi kwamba picha zake za nyota si kali. Pembeni, kioo kilikuwa kimesuguliwa na kupitiliza kwa mikromita 2.2 hivi, takriban sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kifaa cha kupimia umbo kilikuwa kimefungwa vibaya, lenzi yake imekaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, na wasuguaji wakakifuata kwa uaminifu mkubwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba vipimo vingine viwili vilionyesha kasoro hiyo kioo kikiwa bado duniani. Vikawekwa kando, eti si sahihi kama kile cha kwanza. Ikabidi wanaanga waende Desemba 1993 wakafunge vioo vidogo vya kurekebisha mwanga pamoja na kamera mpya.

Sasa wewe kioo chako unacho mkononi, bisibisi ipo, na bado unasema "ni anga". Weka nyota angavu katikati, toka kwenye fokasi kidogo, utazame duara. Kivuli cha kioo kidogo cha mbele ya bomba kikikaa upande, zungusha skrubu za kioo kikuu polepole, ukirudisha nyota katikati kila mara, mpaka kikae sawa. Vaeni koti, fanyeni bila haraka.

4. Darubini iliyolala chumba chenye kiyoyozi itashika ukungu ikikutana na joto la Dar es Salaam. Itoeni saa nzima kabla, ikiwa imefunikwa. Ukungu uacheni ukauke wenyewe. Atakayefuta kioo kwa kanga atakuwa anasugua vumbi juu ya tabaka la alumini, na hiyo mikwaruzo haina dawa.