Kwa mwalimu mpya aliyepangiwa Mbeya: tafuta zana itakayowabishanisha watoto

Walimu wengi wapya wakisharipoti kituoni hukimbilia kununua karatasi za manila na maka peni. Wanachora sehemu za ua, mfumo wa jua na ramani ya dunia, kisha wanabandika ukutani. Wathibiti ubora wa shule (wakaguzi) wakija wanasifu kwamba darasa “linaongea”, yaani kuta zimejaa zana. Watoto wanaitazama chati siku ya kwanza, na wiki ikiisha wameshaizoea kama dirisha. Sina ugomvi na manila, nami ninazo. Ila kabla sijaingia na zana darasani hujiuliza: hawa watoto watabishana juu yake? Kama hakuna cha kubishania, hakuna atakayetaka kupima.

Anza na fimbo. Tafuta iliyonyooka, ichomeke uwanjani hadi ibaki mita 1 juu ya ardhi, uhakikishe imesimama wima kwa uzi uliofungwa jiwe. Kisha uliza: kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi? Darasa zima litakujibu saa sita kamili. Usiseme kitu. Wape kokoto, waweke moja kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10, kuanzia saa sita mpaka saa saba na robo. Ukifanya mwezi Mei, kokoto iliyo karibu zaidi na fimbo itakuwa ya saa saba kasorobo hivi, na kivuli chenyewe kitapata kama nusu mita. Hapo utasikia kelele. Kuna watakaosema saa yako mbovu, wengine watasema wenzao wameweka kokoto vibaya. Waache warudie kesho.

Jibu lenyewe ni somo la hisabati. Saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita Somalia, karibu na Mogadishu. Mbeya tuko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi. Dunia inajizungusha nyuzi 1 kila dakika 4. Tofauti ya nyuzi 11 na nusu ukiizidisha kwa 4 unapata dakika 46. Mtoto mmoja lazima atauliza kuhusu Mtwara. Mwache apige hesabu mwenyewe, atapata karibu dakika 20.

Fimbo hiyo itunze. Mei kivuli cha mchana kinaangukia kusini. Katikati ya Oktoba, kabla mvua hazijashika, jua linapita juu ya utosi na kivuli kinakaribia kwisha kabisa. Novemba, mawingu yakikuachia, kimeshahamia kaskazini. Usishangae kuona mwezi huo kinawahi pia, karibu saa sita na nusu: ni kwa sababu ya mwinamo wa dunia na umbo la njia yake kulizunguka jua. Hilo la mwisho si lazima ulieleze darasa la nne, lakini wewe lijue, maana wapo watakaoligundua.

Kama shule ina kipimajoto cha kufikia nyuzi 100 na zaidi, chemsha maji. Kitabu kinasema 100, Mbeya mjini utapata kama 94, kwa sababu tuko juu na hewa inakandamiza kidogo. Mwenye shangazi Kyela, kule chini bondeni, akaulizie kama huko maharage yanaiva upesi kuliko huku. Vipimajoto vya zamani vina zebaki, kwa hiyo shika wewe, watoto wasome tu.

Tamaduni za dunia ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu mwalimu anaanza na picha ya mnara wa Ufaransa ambao hakuna aliyeuona. Mimi naanzia Mwanjelwa, sokoni. Waambie wataje vinavyouzwa pale, kisha chora ramani ya dunia kwenye mfuko wa salfeti uliopasuliwa (haichaniki, inafulika) na uwaulize kila kitu asili yake wapi. Mahindi? Watasema Mbozi, na watakuwa tayari kuapa. Kumbe Meksiko. Parachichi nalo Meksiko na Amerika ya Kati. Ndizi za Tukuyu, Asia ya Kusini Mashariki. Chai ya Rungwe, China. Kahawa, Ethiopia. Pareto, pwani ya Kroatia. Ulezi ndio unaowarudishia heshima, maana asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Usiishie kwenye asili, uliza wenzetu wanavipikaje. Meksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, wakayasaga, wakachoma mkate mwembamba wa duara. Watoto watakwambia ni chapati. Wabishane. Viazi mviringo vinatoka milima ya Andes, Peru na Bolivia, ambako watu huvianika nje usiku wa baridi kali vigande, mchana wakavikanyaga kwa miguu kukamua maji, wakavikausha vikae muda mrefu. Mtoto wa Makete anayejua barafu inavyounguza majani ya viazi hahitaji maelezo zaidi kumwelewa mtoto wa Peru.

Na viazi hivyohivyo ndiyo hesabu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku miaka mingi, lakini hakuna mtoto wa mkulima asiyeijua. Toa mfano: gunia la kilo 100 na lumbesa ya kilo 130 yote yananunuliwa shilingi 70,000. Kilo moja ni 700 kwenye la kwanza, na kama 538 kwenye la pili. Nani amepata, nani amekosa? Darasa la tano linaligeuza swali hili kuwa kesi, na kugawanya kwa tarakimu tatu kunaeleweka bila kulazimishana. Tahadhari tu: baba wa mmoja anaweza kuwa dalali. Ongelea gunia, usiongelee watu.

Kwa darasa la watoto 80, fanya makundi ya wanane, kila kundi na fimbo yake. Mmoja anashika saa, mmoja anaandika, zamu zinabadilika. Usimtume mtoto kitu ambacho nyumbani lazima wakinunue, kwa sababu asipokipata, kesho hatakuja shule. Vizibo vya soda, magunzi, kokoto na chupa tupu vinatosha miaka. Vizibo vifunge kumikumi kwenye vifuko na uvihesabu kabla ya kengele, la sivyo vitaishia kwenye drafti za barabarani.